Mchunga Chatu kwa Simu

Saa tatu asubuhi, mwanamke anayejulikana mtaani kama Fundi Joto ameketi kwenye stuli ya karakana yake, macho kwenye simu. Anachunga chatu aliye mitaa sita kutoka hapo. Kazi hii haihitaji fimbo. Inahitaji chaji na moyo.

Wafugaji wa kobe, mijusi na nyoka humwachia viumbe wao wanaposafiri. Katika kila kizimba cha kioo huweka kihisi, kidude kama kiberiti kinachopima joto na unyevu na kumtumia namba kwenye simu. Namba hizohizo ndizo huwasha na kuzima taa ya joto. Leo ana vizimba arobaini na kimoja.

"Nimetengeneza friji miaka kumi na mmoja," anasema. "Friji na chatu ni ndugu. Ukikosea digrii, utafungua mlango ukute msiba."

Mama yake, anayeshona nguo kwenye kona ya karakana, hajashawishika. "Wenzake wanafuga wanachokiona," anadakia bila kuinua kichwa.

Ghafla Fundi Joto anasimama. Kizimba cha chatu aitwaye Mheshimiwa kinaonyesha digrii ishirini na sita badala ya thelathini na mbili. Taa imewaka saa nzima, joto halijapanda hata nukta. Mara unyevu unaruka kutoka asilimia hamsini hadi tisini, kisha unashuka.

"Chatu hatoi mvuke," anasema. "Birika ndilo hutoa."

Mwenye chatu yuko safarini. Nyumbani kabaki shangazi yake, aliyeombwa asubuhi hii abadilishe betri ya kihisi. Fundi Joto anaizima taa kwa simu, kisha anampigia shangazi kwa spika.

"Shikamoo shangazi. Umeinjika chai?"

"Marahaba. Wee! Umejuaje?"

"Kihisi kiko wapi?"

"Kiko hapa jikoni, mwanangu. Kukitoa nilijikaza, yule alikuwa amelala. Kukirudisha, ameamka. Nami mkono wangu naupenda."

Basi kihisi kinapima jikoni, na taa, ikidhani chatu anaona baridi, imekuwa ikimwoka. Akifa, hakuna mfugaji atakayemwachia Fundi Joto hata mjusi.

"Shangazi, anatoa ulimi?"

"Anautoa. Ananikebehi!"

"Alhamdulillahi, yu hai! Sogeza kidirisha cha hewa cha juu. Sasa nirudishie kihisi ndani, nijue joto limefika wapi."

"Thubutu!"

Cherehani inanyamaza. "Mwambie akifunge uzi," anasema mama mtu, "akiteremshe kwa juu kama ndoo kisimani."

Uzi unapatikana. Kihisi kinashuka. Thelathini na tisa! Mama amekwisha kuacha cherehani, kidevu chake juu ya bega la mwanawe. Thelathini na saba. Thelathini na tano.

"Shuka, baba, shuka," mama anamsihi nyoka asiyewahi kumwona.

Thelathini na mbili. Karakana nzima, yaani watu wawili, inapiga vigelegele. Kwenye simu, shangazi anataka kujua kama sasa anaruhusiwa kunywa chai yake.

Fundi Joto tayari anachora nyuma ya risiti: kihisi kinachoning'inia ndani kwa waya, betri yake ikae nje, asiyependa nyoka aibadilishe bila kufungua kitu. Wiki ijayo anaanza kuvitengeneza, arobaini na kimoja.

Mama amekubali kushona vifuko vya betri. Ameuliza jambo moja tu: Mheshimiwa anapenda rangi gani?