Mitungi Nyuma ya Bisharo

Bisharo wa Kulamawe ni mtu wa maneno machache, lakini akisema jambo, limesemwa. Mimi nauza miraa mkabala na kituo cha maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini, kwa hivyo mambo ya akina mama wanaoleta maziwa pale nayajua kuliko ya kwetu Maua.

Mwenyekiti wa chama chao alikuwa Kuno, tuliyemwita Rais. Wanachama huchagua wajumbe, wajumbe humchagua mwenyekiti, na kila uchaguzi jina lilikuwa moja tu, lake. Wajumbe walipiga makofi, akapita bila kupingwa, wakala pilau. Eti hiyo ndiyo kura! Na nani angempinga? Yeye ndiye aliyeamua maziwa ya nani yaingie kwenye friji na ya nani yaharibike juani.

Mwaka huu, ukumbi wa mabati wa kituo ukiwa umejaa na milango wazi, Bisharo alisimama.

"Hata mimi nataka hicho kiti."

Kuno akacheka. "Sawa, mama. Mjumbe anayemtaka Bisharo asimame."

Hakuna aliyeinuka. Hata Farhiya, mjumbe wa Kulamawe, aliyetumwa na wenzake amchague Bisharo, aliinamisha uso. Hasira zilinipanda hadi nikaacha wateja. Bisharo akishindwa, maziwa yake hayangeona friji tena, na nyumba yake yote hula kwa maziwa hayo.

Alitoka nje, akachukua mtungi wake, akauweka katikati ya uwanja.

Pale kituoni, mtungi ni mtu. Ukishauweka kwenye foleni unaweza kwenda hata Gotu ukarudi. Nafasi yako ipo, na hausukumwi ila na asiye na adabu. Mama mmoja akaleta wake, akauweka nyuma ya ule wa Bisharo. Mwingine akafuata. Muda si muda foleni ikafika getini.

"Lobokat! Ondoa hiyo mitungi!" Kuno alimfokea mlinzi.

"Mzee, mtungi ya mama ya mtu mimi siwezi sukuma," Lobokat akajibu, akakaa zake.

Kuno akaja mwenyewe. Aliinama ashike mtungi wa pili, akaganda. Ulifungwa kitambaa chekundu shingoni. Hata mimi naujua: ni wa Tiya, mkewe. Na Tiya alikuwa papo hapo, mikono kiunoni.

"Sukuma basi, baba Jillo. Si uko na nguvu?"

Kuno hakusukuma. Farhiya alitoka ukumbini akilia, akasimama kando ya mitungi ya Kulamawe. Wajumbe wa Kinna wakafuata, kisha wote. Mle ndani zikabaki sufuria za pilau.

Nilipiga vigelegele mimi Mmeru, hata ngamia sina!

"Mwenyekiti, toa neno!" wakamwita Bisharo.

Akaubeba mtungi wake hadi mwisho wa foleni.

"Leo mimi nimekuja nyuma yenu," akasema. "Fungueni friji."