Mwalimu wa udereva asiyepanda trekta

Saa mbili asubuhi, katika uwanja wa vumbi nyuma ya mtaa wa Tuwan mjini Kitale, gari dogo jeupe lenye herufi L linasonga mbele kidogo, kisha linasimama kwa kishindo. Linasonga tena. Linasimama tena. Kuku wa jirani wamelizoea hata hawalikimbii.

Anayeshika usukani ni Hillary Wanjala, kijana wa miaka kumi na minane kutoka Bumula, Bungoma. Juzi tu amemaliza mtihani wa kidato cha nne, na babake amemtuma kwa mjomba wake hapa Kitale ajifunze gari. Amevaa miwani ya jua. Yupo tayari kwa barabara kuu, lakini mwalimu wake haoni hivyo.

“Mwarimu, tangu Jumatatu ni kusimama tu. Si twende barabarani bana? Watu wananiona.”

“Wacha wakuone. Simama!”

Hillary anakanyaga. Miwani inamtoka puani na kuangukia mapajani.

Mwalimu huyo ni Rosaline Wacuka, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano. Vijana wamembandika jina la Madam Simama, naye analijua na halimchukizi. Katika shule anayofundisha, mwanafunzi hatoki uwanjani hadi aweze kulisimamisha gari kabla mwalimu hajafunga mdomo.

Novemba ndiyo mwezi wake wa kazi. Wazazi wa huku wana desturi yao: mtoto akimaliza sekondari hapewi nafasi ya kulala mchana. Anapelekwa kwenye kompyuta au kwenye gari. Rosaline huwafundisha Kitale siku nne, na Ijumaa huteremka Bungoma, ambako ana kundi lingine upande wa Kibabii. Halipwi mshahara, hulipwa kwa kila mwanafunzi anayemhudumia. Mwezi mzuri humletea kama shilingi elfu tisa. Asipofika kazini, hapati kitu.

“Watoto wa siku hizi wana bahati,” anasema. “Wanaanza na ubao uliochorwa barabara na vigari vya kuchezea. Wanajua alama za barabarani. Na mimi hapa nina breki yangu chini ya mguu. Akikosea, namsimamishia. Sisi nani alitusimamishia?”

Analouliza si swali la bure. Rosaline alijifunza kuendesha akiwa na miaka kumi na minne, miaka thelathini na mmoja iliyopita, kwenye shamba la babake, mzee Gachanja, nje ya Kitale kwa njia ya Endebess. Hakufundishwa na mtu. Aliketishwa juu ya trekta.

Wakulima wa mahindi wa Trans-Nzoia hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wakati wa mavuno, magunia hulala shambani mistari kwa mistari. Trekta huwekwa gia ya chini kabisa, ikajikokota mwendo wa kobe, na wanaume hutembea kando wakirusha magunia kwenye trela. Kila mwenye mabega hubeba. Kwa hivyo anayepewa usukani ni yule asiyeweza kuinua gunia, yaani mtoto. Kazi yake ni kuinyoosha trekta tu. Ndivyo vijana wengi wa huku walivyokuwa madereva, na wengi hukusimulia wakicheka.

Rosaline hacheki.

Kakake mkubwa, Ndirangu, ndiye aliyekuwa dereva wa pale nyumbani. Siku hiyo watu walikuwa wachache, basi akashuka kusaidia kubeba na dada yake akapanda. Ndirangu aliruka katikati ya trekta na trela kunyoosha gunia lililoinama. Akateleza.

“Nilisikia wakipiga kelele, ‘Simama! Simama!’ Nikasimama juu ya klachi kwa miguu yote miwili. Nilikuwa mwepesi. Haikushuka. Trekta ikaendelea tu.”

Baba yao ndiye aliyekimbia na kuvuta kile kichuma cha kuzimia injini. Gurudumu la trela lilikuwa limeshampita Ndirangu tumboni.

Kilichofuata anakisimulia akiangalia mikono yake. Mtu pekee aliyejua kuendesha alikuwa amelala chini. Walimwaga magunia, wakamlaza Ndirangu kwenye trela, na mdogo wao Ngige, wa miaka kumi na mmoja, akampakata kichwa. Mzee Gachanja alibonyeza klachi kwa mikono yake miwili ili trekta iwashwe tena. Kisha Rosaline akaelekea hospitali ya mjini kwa gia aliyowekewa asubuhi, kwa sababu hakujua kwamba mkono wake ungeweza kutafuta nyingine.

“Watu wa miguu walitupita,” anasema. “Mama aliyebeba kuni alitupita, akageuka kuangalia kwenye trela, akaangusha kuni zake. Na mimi sikujua namna ya kwenda mbio.”

Lori la mbao liliwakuta njiani na kumchukua kaka yao. Alikuwa ameshakata roho.

Waombolezaji walimwambia ajali haina kinga. Hadi leo ukimtajia msemo huo utaona uso wake ukibadilika. “Kinga ipo. Ni mguu kufika kwenye klachi.” Alijifunza gari akiwa na miaka ishirini na tatu, akahakikisha amezijua gia zote, na baadaye akawa mwalimu. Lakini tangu siku ile hajapanda trekta. Hata ya maonyesho, iliyozimwa, huipita kwa mbali.

Msiba wenyewe haukuikomesha desturi. Mavuno yaliyofuata, mzee Gachanja alimweka Ngige kwenye usukani. Sasa Ngige ndiye mwenye shamba, trekta ni ileile iliyotiwa viraka, na tangu mwaka juzi anayeiendesha wakati wa mavuno ni mwanawe Munene, mvulana mwembamba wa miaka kumi na mitatu.

Hili ndilo linalomnyima Rosaline usingizi. Ngige amekuwa akimwambia, “Si wewe ni mwalimu? Kuja umfundishe.” Kwa mavuno mawili amekataa. Akimfundisha Munene, atakuwa ameibariki kazi ile. Asipomfundisha, mtoto atakaa juu ya chuma kile bila kujua lolote.

Jumamosi iliyopita alikwenda. Mwandishi wa makala hii aliandamana naye.

Ngige alitupokea vizuri, kwa chai na viazi vitamu, lakini alikuwa na haraka. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Mlima Elgon, na mahindi yakinyeshewa huoza. “Dereva wa kulipa ni wa matajiri,” alisema. “Hata mimi niliwekwa hapo nikiwa mdogo kuliko huyu. Niliendesha miaka sita na sikuua mtu.”

Alitamka hivyo dada yake akiwa amesimama pale, kikombe mkononi. Rosaline aliweka kikombe chini polepole.

Aliwaomba wabebaji wote watoke na kusimama kwenye ua. Kisha akalivuta gunia moja la mahindi hadi kwenye njia ya gurudumu, mbali kidogo mbele ya trekta, akalilaza. “Munene, nikisema simama, simama. Usifanye kitu kingine.”

“Sawa, Tata,” kijana alijibu, akimwita shangazi yake kwa Kikuyu.

Trekta ikaanza kujikokota. Rosaline akapaza sauti ileile anayompigia Hillary. “Simama!”

Munene aliinuka kitini. Alikanyaga klachi kwa mguu mmoja, kisha akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, mikono ikining'inia kwenye usukani. Tulimwona akirukaruka pale juu. Pedali ilishuka nusu, ikagoma. Gurudumu la mbele lilipanda gunia, likafuata la nyuma, kisha la trela. Gunia lilipasuka na mahindi yakasambaa.

Ngige alikimbia, akadandia, akavuta kichuma. Kukawa kimya. Munene alikuwa analia bila sauti.

Rosaline hakusogea. “Nani alikuonyesha hicho kichuma?” alimuuliza mdogo wake.

“Baba,” Ngige alisema. “Siku ya kwanza aliniweka hapa. Aliniambia, hiyo klachi hutaiweza, wewe vuta hii. Ndio nilikuwa navuta miaka hiyo yote.”

“Mimi hakuniambia.”

“Alikuwa hajajua itakuja kuhitajika.”

“Na Munene ulimwambia?”

Ngige aliangalia gunia. Alipiga magoti, akaanza kuokota mahindi na kuyatia kwenye kofia yake. Alikusanya kwa muda mrefu, hata yale yaliyopondeka. “Haki nilisahau,” alisema hatimaye. “Jioni mimi ndiye humzimia. Naona kama nilizaliwa nikijua.”

Baadaye aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. “Basi mfundishe sasa. Avute tu hii. Ni kitu ya dakika moja.”

Kwa yeyote aliyekuwa pale, lilionekana pendekezo la busara. Magunia bado yalijaa shamba zima, na mawingu yalikuwa yanateremka.

“Hapana,” alisema Rosaline. “Nikimwonyesha hiyo, mwaka ujao utamweka tena. Na yeye atamweka wake.”

“Sasa nani ataendesha? Niambie. Nani?”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya wiki nzima, na Rosaline aliijua. Wiki nzima bila kufundisha ni pesa ambazo hana, na Hillary na wenzake watanung'unika. Mwenye shule ya udereva ameshamwonya kuhusu kukosa kazi katika mwezi wa Novemba. Lakini nadhani hayo siyo aliyokuwa akiyawaza. Alikuwa anaitazama ngazi ndogo ya chuma ubavuni mwa trekta, ile aliyoipanda mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na minne.

“Jumatatu,” alisema. “Nitapanda mimi. Mpaka gunia la mwisho.”

Ngige alishika kofia yake yenye mahindi, akaenda kuyamwaga kwenye trela. Munene alishuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaja kusimama karibu na shangazi yake.

“Tata, hii ni tofauti na gari. Unajua gia zake?”

Rosaline aliweka kiganja juu ya bati la injini, ambalo bado lilikuwa na moto. Hakukiondoa.

“Zote,” alisema.