Kibao Alichokiandika Hisae, Akaking'oa Mwenyewe

Saa moja na nusu jioni. Hisae Tsukahara amechuchumaa kando ya mfereji, mabuti ya mpira yamejaa tope, anahesabu kwa sauti. "Moja, mbili…" Kimulimuli anawaka tena. Mama huyu anasonya.

"Wa kwetu huwaka kila baada ya sekunde nne. Hawa mbili tu, mbio mbio! Hawa ni wa magharibi mwa Japani. Wamenunuliwa!"

Nyuma yake tamasha la vimulimuli la mtaa huu, pembezoni mwa Tokyo, limepamba moto. Tambi za kukaanga zinanukia, watoto wamevaa yukata, kimono zao nyepesi za kiangazi, foleni imefika maegesho ya magari.

Hisae, miaka 64, ni mpishi wa shule ya msingi. Akivua aproni tu, huyo mferejini. Kwa miaka kumi na moja amelea mabuu ya vimulimuli kwenye beseni la kuogea nyumbani kwake, akiwalisha konokono anaowaokota kwa mkono.

"Mume wangu anaoga bafu la umma," anasema. "Ameshanizoea."

Mwaka jana waliwaka thelathini na wanane. Mwaka huu mafuriko ya Machi yalisomba mabuu mengi, naye akamwonya mwenyekiti wa mtaa, Bwana Onuki, asitarajie hata ishirini. Onuki akaogopa kuchekwa na mitaa jirani. Akaagiza mia tatu kwa posta, akawaachia jana kimyakimya.

"Bi Hisae, nisamehe," anasema Onuki akiinama, mara ya tatu sasa. "Watu wanakuja kuona mwanga. Mwanga ni mwanga, jamani."

"Mwanga ni mwanga? Si ungetundika taa za Krismasi! Hawa watazaana na wetu, na wa sekunde nne ndio basi tena. Miaka kumi na moja, Mwenyekiti! Umeniua."

"Tafadhali, tuongee kesho. Wageni wanasikia."

"Wasikie!"

Mtaa huu watu humeza hasira na kutabasamu. Hisae amekuwa akiimeza maisha yake yote. Leo imemkwama kooni.

Darajani kuna kibao, mwandiko wake mwenyewe: MSIGUSE VIMULIMULI. Anaking'oa, anakitupa miguuni pa Onuki, anachukua kipaza sauti.

"Watoto! Hesabuni nami. Anayewaka kwenye mbili, mkamateni taratibu, mtieni kwenye ndoo yangu. Anayengoja mpaka nne, ole wenu mkimgusa. Huyo ni wa kwetu."

Wazazi wanatazamana. Kisha sauti ndogo zinaanza kuhesabu, mfereji mzima.

Chini ya daraja msichana mmoja ananyoosha mkono, anahesabu, anafika nne. Anaurudisha mkono haraka. Hisae anafuta macho kwa kiganja chenye tope.

"Wakibaki tisa, nitaanza upya na hao tisa," anasema. "Beseni langu lipo. Ila safari hii konokono atawaokota Onuki."