Februari Iliyokuja Baada ya Aprili

Enid Raistrick amefagia kanisa letu, hapa kwenye mabonde ya Yorkshire, kwa miaka thelathini na minane. Miaka yote hiyo amekuwa akifuta vumbi kwenye fremu inayomtukana bibi yake wa kale.

Ndani ya fremu hiyo, mwalimu mmoja wa zamani aliyeitwa Pask alinakili mistari miwili ya kitabu cha kanisa. Gervase Raistrick wa Jumba Kuu kumuoa Tamsin, mkamua maziwa, 12 Aprili 1731. Mwana wao Ralph kubatizwa, 3 Februari 1731. Kila mtu alijua kuhesabu: mtoto kwanza, ndoa baadaye. Na kwa sheria yetu, aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi cheo cha Sir, wala wajukuu zake, akina Enid wakiwemo.

Mwezi Mei, Sir Lionel wa Jumba Kuu akafa bila mtoto. Jioni ile Amos, kaka yake Enid, mjenga kuta za mawe, aliingia baa.

"Pisheni, Sir Amos anapita!" akapiga kelele Wilf Pask, mjukuu wa mwalimu yule. "Loo, nimesahau! Bibi yao alikuwa na haraka."

Watu wakacheka. Mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, sikucheka. Tangu lini utani ukawa ruhusa ya kumvunjia heshima marehemu? Tena hakuna aliyewahi kusema kwamba Gervase naye alikuwa na haraka.

Amos alimaliza bia yake, akaenda nyumbani. Enid, alipopata habari, alisema, "Basi hicho kitabu nitakisoma mwenyewe."

Alhamisi nilimpeleka kwa gari langu hadi ofisi ya kumbukumbu. Kitabu kililetwa kimelazwa juu ya mto kama mgonjwa. Enid akaipata ndoa ya Aprili, kisha hakuishia hapo. Akafunua. Juni, mazishi. Oktoba, ubatizo. Desemba. Januari.

Akanishika mkono, akaubana. "Mwalimu, mbona huyu padri bado anaandika 1731? Kasahau mwaka umeisha?"

"Funua," nikasema.

Februari 1731: Ralph, mwana wa Gervase na Tamsin. Kisha ukurasa uliofuata, chini ya tarehe 25 Machi, kwa herufi kubwa: 1732.

"Hakusahau!" nikasema. "Zama zile mwaka mpya ulianza Machi ishirini na tano!"

"Kwa hiyo Februari imekuja baada ya Aprili?"

"Miezi kumi baada!"

"Tamsin alikuwa mke wa mtu!" Enid akapiga meza. "Mke wa mtu, mwalimu!"

"Mama, tafadhali, kimya," akasema mtunza kumbukumbu.

"Kimya tumekaa miaka karibu mia tatu, mwanangu. Inatosha!"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nimefundisha historia miaka ishirini na mitatu, na fremu ile nimeipita kila Jumapili.

Enid aliingia baa na nakala mkononi, akaiweka mbele ya Wilf, juu ya sahani yake ya viazi. Wilf akasoma. Akasoma tena, midomo ikimcheza.

"Babu alikuwa msomi," akasema kwa unyonge.

"Babu yako alisoma tarehe. Hakusoma kitabu."

Amos alikuwa amesimama, uso mwekundu, anacheka na kulia pamoja. "Dada, cheo hiki ni chako. Mimi nimefanya nini?"

"Umezaliwa mwanamume," Enid akamjibu. "Sheria haitaki zaidi ya hapo. Peleka karatasi, chukua cheo. Mimi nataka ile fremu ishuke."

Wilf akasukuma sahani, akavaa kofia. Tulivuka barabara sote, baa nzima, hadi kanisani. Mbele ya fremu alivua kofia ile. "Bibi Tamsin, niwie radhi," akasema, na hakuna aliyecheka. Kisha akanyoosha mkono nyuma. "Sir Amos, nipe bisibisi."

"Mimi ni Amos mpaka karatasi zijibiwe," akasema Amos. "Na bisibisi anayo dada yangu. Mwombe vizuri."