Treni ya Watalii Ilipokwama Darajani

Kwa miaka kumi na tisa Bi Bendera amekuwa mkuu wa stesheni ya katikati, kwenye reli fupi yenye njia moja. Treni ya saruji na treni ya watalii hupishana hapo kwake tu. Jina hilo walimpachika makuli, kwa vile hakuna treni inayoondoka kabla hajainua bendera yake ya kijani. Na watu wa treni ya saruji hajawahi kugombana. Kinachompandisha presha ni watalii, na kuliko watalii, dereva wao, ambaye ni mdogo wa mume wake.

Jumamosi hiyo treni ya saruji ilikuwa imeshaingia njia ya pembeni, inangoja ya watalii ifike ndipo ipite. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Bi Bendera akashika redio.

"Shemeji, uko wapi?"

"Hapa darajani. Wageni wanapiga picha."

"Nani amekuruhusu kusimama darajani?"

"Dakika mbili tu, shemeji."

Dakika mbili zikazaa arobaini. Alipomwita tena, sauti ya shemeji yake ilikuwa imenywea. Alizima injini ili wageni wasikie maji ya mto, na sasa imegoma kuwaka.

Bi Bendera akamwagiza dereva wa saruji ayaache mabehewa yake, aende na injini tupu, polepole, akawavute. "Na wewe usisimame popote," alimfokea, ingawa masikini yule hakuwa na kosa.

Walifika saa saba kasoro. Bi Bendera alishajiandaa kutukanwa. Lakini wageni walishuka weupe kwa vumbi la saruji lililopeperuka kutoka kwenye injini ile, nyusi hadi viatu, wanacheka, wakampa mkono mmoja mmoja. Jioni meneja wa reli akapiga simu: je, kuvutwa huko hakuwezi kuwa kila Jumamosi?

"Bosi," alisema Bi Bendera, "nakuomba ulale kwanza."

Jumatatu akaandika barua: treni ya watalii isitoke mpaka ya saruji ipite. Meneja aliikalia wiki tatu, akatia saini pale tu kiwanda cha saruji kilipolalamika kuwa mzigo unachelewa.

Shemeji alinuna, akaacha hata kuja kula kwao. Mume akambembeleza mkewe.

"Mwambie aje," alisema Bi Bendera. "Ila asiniletee habari za kazi."

Akaja Jumapili. Hata hajanawa mikono, akauliza kama ile barua inaweza kufutwa.