Sakafu Aliyoijua Mama

Baba aliijenga nyumba yetu ya Ihanja kidogo kidogo, kila mavuno mazuri ya alizeti chumba kimoja, na kila chumba fundi wake. Ndiyo maana sakafu hazikulingana. Sebule iliinamia mlango wa mbele, koridoni palikuwa na kinundu, na kuingia jikoni ilikuwa kuteremka. Utotoni tuliviringisha gololi mle ndani na kubishana itaishia wapi.

Baba alipofariki, mama akabaki peke yake, na macho yakamfifia mpaka yakazima. Ndugu zangu wakataka ahamie kwangu, Singida mjini. Akakataa katakata.

"Mimi nitafia kwangu," alisema.

Basi nikaamua kumtengenezea sakafu isiyo na cha kumkwaza, ili akae kwake salama. Nami nikishaamua jambo, sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nilimpeleka kwa dada yangu aliyeko Sepuka kwa wiki tatu. Mimi na fundi tukalidonoa zege la zamani kwa nyundo na tindo ili saruji mpya ishike, tukavuta kamba, tukajaza mabonde, tukasawazisha kwa ubao mrefu. Kila mara fundi alipoweka pimamaji na kile kipovu kikatulia katikati, roho yangu ilisuuzika. Kisha tukapanga vigae. Niliringa, sikatai.

Siku moja fundi aliniuliza, "Mama mwenyewe kasemaje?"

"Mama haoni," nikamjibu. "Atasema nini?"

Jibu hilo linanichoma mpaka leo.

Mama aliporudi, alivua ndara mlangoni kama kawaida yake, akaingia pekupeku. Alipofika koridoni akasimama. Akasugua unyayo mbele, akausugua kando, mikono ikipapasa hewa.

"Kinundu kiko wapi?"

"Tumekiondoa, mama. Sasa nyumba nzima ni sawasawa."

"Sasa nitajuaje nimefika wapi?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kumwona akishika kuta. Alikuwa akitembea kwa nyayo. Kwenye kinundu anakata kushoto, chumbani kwake. Akihisi mteremko, amefika jikoni. Nilikuwa nimemfutia njia zote, tena kwa jasho langu. Nilijichukia. Na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilimkasirikia na yeye kwa kutoniambia.

Tulifunga kamba ukutani, akaisahau. Tulitandika mikeka milangoni, ikateleza naye, akaanguka na kuumia nyonga. Nilimwomba fundi aturudishie kinundu. Akaniuliza kilikuwa wapi hasa, na kirefu kiasi gani. Sikujua. Nilizaliwa katika nyumba ile, na sikujua.

Sasa mama anaishi kwangu mjini, kulekule alikokataa. Hanilaumu. Kila asubuhi huniuliza mlango uko upande gani, nami humshika mkono. Nyumba ya Ihanja tumeitia kufuli. Sakafu yake imenyooka kabisa, na hakuna anayeikanyaga.