Mauricette na Handaki la Remi

Wifi yangu Mauricette alikuwa mwoga, na kijiji kizima kilimcheka waziwazi, mimi nikiwa wa kwanza. Alizaliwa katikati ya mizabibu, akakulia humo, vidole vyake vikawa vigumu kwa kushika mkasi wa kupogolea, lakini handakini hakushuka. Kwetu kila nyumba ina handaki lake lililochimbwa kwenye chokaa, ndiko mvinyo unakolala. Watoto wetu hutumwa huko hata kabla hawajajua kufunga viatu. Yeye, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, ukimwambia, "Mauricette, hebu shuka utuletee chupa," alifuta mikono kwenye aproni, akatabasamu kidogo, halafu akatoka nje kwenda kuangalia baiskeli yake.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, ya kiume, nyeusi, yenye breki zilizopiga kelele mpaka mbwa wakatoka mabandani. Hakuolewa. Sijui kama aliwahi kuombwa, maana mambo hayo hakuyazungumza, nami nilipomtania aliniambia nichunge sufuria yangu. Kwa baiskeli hiyo alizunguka vijiji vyote vya mteremko wetu. Wakati wa baridi aliwapogolea watu mizabibu huku akisukuma toroli la pipa la chuma, na humo ndani akichoma matawi aliyokata ili apashe mikono moto. Machipukizi yakirefuka aliyafunga kwenye waya, na zabibu zikiiva alivuna. Baiskeli iliposhindwa kupanda alishuka akaisukuma, akitembea kati ya mistari huku akiongea na mizabibu ya watu wengine kama vile ni yake. Nilimwona mara nyingi kutoka dirishani, skafu yake ya bluu ikipanda na kushuka mlimani, nikajisemea, huyu naye, dunia nzima anaizunguka lakini ngazi za nyumbani kwao zimemshinda.

Woga wake ulikuwa na chanzo, na kila mtu alikijua. Alipokuwa msichana mdogo, kibarua wao aliyeitwa Anselme alishuka kuangalia pipa wakati maji ya zabibu yanachacha, akaanguka. Baba yake Mauricette akashuka kumtoa. Jioni wakatolewa wote wawili, maiti. Maji ya zabibu yakichacha hutoa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, nayo hutambaa chini na kujaa kwenye mashimo. Ukiivuta kidogo tu huna habari tena. Wazee walikuwa wanashuka na mshumaa mkononi, na mshumaa ukizimika wanageuka. Umeme ulipoingia watu wakafunga balbu, mishumaa wakaliachia kanisa.

Mume wangu Remi alikuwa mdogo wake Mauricette. Baba yao alipokufa yeye alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo kwake ile ilikuwa hadithi tu, ya kuwatishia watoto wasichezee mapipa.

Mwaka ninaousema, mizabibu ilizaa mpaka ikawa kero. Watu walihangaika kutafuta pa kuweka maji ya zabibu. Matangi yetu ya juu yalijaa kabla hata mavuno hayajafika nusu, ndipo Remi akaazima matangi mengine ya zamani na kuyateremsha kwenye handaki la chini ya nyumba yetu, ambalo siku zote lilikuwa la chupa tu. Mauricette alipata habari hiyo mezani, mbele ya wavunaji wote.

"Utachachushia mle?" aliuliza, kijiko kikiwa hewani.

"Sasa nikamwage mtoni, samaki walewe?"

Wavunaji wakacheka.

"Mle hamna dirisha, Remi."

"Mlango upo."

"Mlango uko juu."

"Dada, umeme upo, balbu ipo, macho ninayo. We shughulika na baiskeli yako."

Na mimi, mdomo wangu haujui kukaa kimya, nikadakia, "Mwacheni wifi, mwisho ataogopa na supu, maana nayo inatoa mvuke!" Walicheka zaidi. Mauricette aliinamia sahani yake na masikio yakamwiva.

Mavuno yakaisha, tukafanya karamu ya kumalizia kama kawaida, pikapu ikapambwa kwa matawi, watu wakacheza mpaka wakachoka. Asubuhi iliyofuata ilibidi turudishe masufuria makubwa tuliyoazima kwa shangazi Berthe, ng'ambo ya mto Marne. Tulipanga hivi: mimi na Mauricette tutangulie na masufuria kwa baiskeli, tumsaidie shangazi kupika, naye Remi atafuata na pikapu saa sita akiwa amepakia mabenchi, tule pamoja.

Tulipokuwa tunafunga masufuria kwenye karieri, Remi alipita uani akiwa amevaa mabuti.

"Nashuka kidogo kuchungulia matangi, halafu nakuja," alisema.

Mauricette alikuwa ameshapandisha mguu mmoja kwenye baiskeli. Akaushusha. Akatoa mshumaa mfukoni mwa aproni, sijui alikuwa anatembea nao tangu lini.

"Shuka na huu."

"Nenda zako, bwana."

"Remi, nakuomba."

Remi akaupokea, akaubusu kwa mbwembwe kama masalia ya mtakatifu, akauweka juu ya ukingo wa dirisha na kunikonyeza. Nilicheka. Tukaondoka, masufuria yakigongana nyuma yetu.

Njia ya kando ya mfereji wa mashua ilikuwa na ukungu. Mimi nilipiga soga peke yangu, nani alicheza na nani, nani alitapika wapi. Mauricette alikanyaga pedali. Mara mbili niliona anageuza shingo kuangalia tulikotoka, nikakasirika, maana nilikuwa na furaha yangu na sikutaka mtu aniharibie.

Kwa shangazi Berthe kulikuwa na sungura wa haradali. Kengele ya kanisa ikapiga saa sita, tukangoja. Tukangoja tena mpaka mchuzi ukaanza kushika sufuria, shangazi akaamua kupakua.

"Huyo kapata wa kunywa naye," alisema. "Nawajua wanaume wa ukoo wangu."

Nilianza kula. Mauricette hakugusa kitu. Alikunja kitambaa chake cha mezani kikawa kidogo kabisa, akakikunjua, akakikunja tena. Halafu akasimama.

"Josiane, inuka twende."

"Si nimalize kwanza?"

"Remi hajawahi kuchelewa sungura."

Lilikuwa jambo la kuchekesha na shangazi alicheka. Lakini lilikuwa kweli, na lile tonge likanigandia mdomoni. Kwa miaka yote niliyoishi na Remi, chakula kilikuwa hakijawahi kumngoja. Nililitema kwenye kiganja nikasimama.

Kurudi, upepo ulitupiga usoni. Mauricette alikuwa mbele, ameinama, na ile skafu ikimpigapiga mgongoni. Nilijipa moyo. Pikapu imegoma. Kalala, karamu imemzidi. Jirani kamwita. Tulipofika darajani tulimkuta mzee Thibault, mlinzi wa lango la mfereji, anapaka rangi reli za daraja. Daraja ni hilo moja tu, anayekwenda kwa shangazi hana pengine pa kupita.

"Mzee Thibault, pikapu ya Remi imepita?" Mauricette alipaza sauti kabla hata hajasimama.

"Leo? Haijapita. Nipo hapa na brashi yangu tangu mlipopita asubuhi, hata paka sijamwona."

Hapo ndipo woga uliponiingia na mimi. Nilikanyaga pedali, baiskeli ikayumba huku na huku.

Mteremko wetu haupandiki kwa baiskeli, hata kijana hawezi. Barabara inazunguka mbali, ila kuna njia ya mkato inayokata moja kwa moja katikati ya mizabibu. Mauricette, ambaye kila Jumapili aliing'arisha ile baiskeli kwa kitambaa, aliitupa mtaroni ikalia, akaanza kukimbia mlimani. Nilitupa yangu nikamfuata. Udongo wa chokaa ulikuwa umelowa, ukanata kwenye viatu mpaka kila mguu ukawa mzito. Nilianguka, nikajishika kwenye waya, nikainuka. Nilikuwa naomba kwa sauti. Mungu, nimkute amelewa. Mungu, nimkute na mwanamke mwingine, kitandani kwangu, sitasema neno.

Mauricette alinitangulia kufika. Nilipoingia uani niliona pikapu imeshapakiwa mabenchi na imegeuzwa kuelekea barabarani. Mlango wa handaki ulikuwa wazi na mwanga wa balbu unatoka chini, wa manjano, umetulia kabisa.

"Taa inawaka!" nilipiga kelele. "Yupo, anafanya kazi! Remi! Remi, we!"

Mauricette alikuwa amepiga magoti mlangoni. Alikuwa ameuchukua ule mshumaa pale dirishani, ameuwasha na kuufunga kwenye ncha ya mti wa kushikizia mizabibu, na anauteremsha ngazini polepole kama mtu anayevua samaki. Moto ulishuka kidogo tu, ukazimika. Hakukuwa na upepo. Akauvuta, akauwasha tena, akauteremsha. Ukazimika palepale. Kutoka chini nilisikia maji ya zabibu yakitokota taratibu, sauti ndogo ya kupendeza ambayo kila mwaka ilikuwa inanipa usingizi. Nikachungulia juu ya bega lake, nikaona chini ya ngazi buti la Remi, limelala ubavu.

Nilimruka. Nilikuwa nimeshakanyaga ngazi ya kwanza aliponidaka gauni kwa nyuma na kunivuta nje.

"Hapana, Josiane."

"Niache! Pale pale yupo, namwona!"

"Hewa imejaa."

"Nabana pumzi. Nashuka mara moja tu, namvuta mguu, natoka."

"Hivyohivyo ndivyo alivyosema baba."

Nilimpiga. Nilimpiga usoni kwa ngumi, mimi ambaye sijawahi kupigana na mtu, nikajipenyeza mlangoni. Akanikumbatia kiunoni tukaanguka wote kwenye changarawe, yeye juu. Alikuwa mtu mzima na mwili wake, akanilalia kwa uzito wake wote. Nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu. Hakuuondoa.

"Mwoga wewe!" nilimwambia. "Mwoga mkubwa! Unamwacha afe kwa sababu unaogopa ngazi! Muuaji!"

Alikuwa anapiga kelele juu ya kichwa changu kuelekea barabarani, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Zimamoto! Iteni zimamoto! Na mtu asishuke! Mtu yeyote asishuke!"

Jirani yetu alikuja akikimbia, akaona, akageuka mbio kwenda kuwaita. Baadaye king'ora cha ofisi ya kijiji kikalia. Watu wakajaa uani. Mmoja, mwanamume mwenye nguvu zake, alisogea mlangoni akikunja mikono ya shati, na Mauricette, bado amenilalia, akamshika kifundo cha mguu kwa mkono ule wenye damu, akamwambia, "Wewe una watoto." Yule mtu akasimama.

Sijui tulikaa vile muda gani. Shavu langu lilikuwa kwenye changarawe na kutoka pale nililiona lile buti. Nililikazia macho nikiliomba litikisike. Mgongoni nilisikia moyo wa Mauricette unadunda kwa kasi, mwili wake wote unatetemeka, meno yanagongana sikioni mwangu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Mikono yake tu ndiyo haikutetemeka.

Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni, wakashuka wawili, wakampandisha. Walimlaza uani karibu na pikapu. Daktari waliyekuja naye alipiga magoti, akamfungua shati, akasikiliza, akasikiliza tena. Kisha akanijia na kuniambia Remi alikuwa ameondoka tangu asubuhi, pengine sisi tukiwa bado kwenye njia ya mfereji. Alidhani hilo litanisaidia.

Hapo ndipo Mauricette aliponiachia. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akaenda kwa magoti na mikono mbele ya watu wote. Alikaa chini akakiweka kichwa cha Remi mapajani. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kumfuta chokaa shavuni, taratibu, kama unavyomfuta mtoto mkiwa mlangoni mwa kanisa. "Mjinga wewe," alimwambia. "Mjinga wewe, mjinga wewe." Nilikuwa nimefungua mdomo nimpigie kelele amwache mume wangu, nikaufunga. Remi alikuwa mdogo wake miaka mingi kabla hajawa wangu, na muda wote ule alipokuwa amenilalia, Mauricette naye alikuwa analiona lile buti.